Kazi ya vita iliyokosa picha

Kuna picha moja ya Vita vya Pili vya Dunia inazunguka sana mtandaoni. Mwanamke mweusi, kitambaa kichwani, ameshika drili, anatoboa ndege ya kivita. Ilipigwa Februari 1943 na Alfred Palmer, mpiga picha wa serikali ya Marekani, kwenye kiwanda cha Vultee, Nashville. Ni ya rangi, na mwanga umepangwa vizuri. Hiyo si bahati. Wanaume walikuwa vitani, na serikali ilitaka wanawake wajae viwandani, so picha kama hizi zilikuwa pia tangazo la kazi. Maelezo yake yanataja kiwanda na aina ya ndege. Jina la huyo mama? Hakuna.

Sasa rudi huku kwetu. Wengi tunadhani hiyo vita ilikuwa mbali. Juni 1940 ndege za Italia zilipiga Wajir mabomu. Julai, Waingereza wakatoka Moyale. Desemba, wanajeshi wa Afrika Kusini na Gold Coast wakavamia El Wak. Habaswein, kwenye barabara ya Garissa kwenda Wajir, ilikuwa nyuma tu ya mapigano.

Kiwanda cha ndege hatukuwa nacho, lakini vita ilikula jasho la raia Kenya nzima. Majeshi yalitaka nyama, na wafugaji wakauza ng'ombe kwa bei iliyopangwa na serikali. Japani ilipoteka Ufilipino 1942, mkonge wetu ukawa dhahabu kwa kutengeneza kamba. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikaruhusu Waafrika walazimishwe kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi.

Tofauti iko hapo. Mtu unayembembeleza aje kazini utampiga picha nzuri. Yule unayemlazimisha, utamwekea taa ya nini? Ndio maana naona ni makosa kuhesabu mchango wa watu kwa picha zilizobaki.

Aliyezaliwa 1930 ameshapita miaka 90, kwa hivyo muda umeisha kabisa. Simu unayo. Kaa na ayeeyo au awoowe, uliza wazazi wao waliwasimulia nini: nani aliuza mifugo, nani alichota maji, nani alichukuliwa kazi, alilipwa nini. Rekodi sauti. Na tafadhali andika jina, maana hata ile picha ya Nashville, na rangi zake zote, haina.