Jiko la kauri: Uvumbuzi uliopunguza makaa bila kumaliza sumu

MKAZI wa Mbotela akiulizwa kuhusu uchafuzi wa hewa, aghalabu atanyosha kidole kuelekea viwandani au ataje moshi wa matatu katika Barabara ya Jogoo. Mtaa huo wa Makadara, uliopewa jina la mwanasiasa Tom Mbotela aliyeuawa mwaka wa 1952, umepakana na vyote viwili. Ni nadra mtu kutaja kifaa kilicho karibu naye zaidi: jiko la makaa.

Jiko hilo lina historia ya kisayansi, na sehemu yake kubwa iliandikwa papo hapo Eastlands. Mnamo Agosti 1981, Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala. Katika miaka iliyofuata, wataalamu, akiwemo Mkenya Maxwell Kinyanjui, pamoja na shirika la KENGO, walishirikiana na mafundi wa jua kali kuboresha jiko la bati lililozoeleka. Walichukua wazo la kuta za udongo kutoka jiko la ndoo la Thailand, wakalioanisha na umbo ambalo mafundi wa Shauri Moyo wangeweza kulikunja kwa nyundo.

Kazi haikufaulu mara moja. Vigae vya kwanza vilipasuka. Hatimaye umbo lenye kiuno chembamba lilipatikana, kigae kikawekwa sehemu ya juu pekee na kushikizwa kwa saruji. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, hivyo sufuria hupokea joto zaidi kwa makaa machache. Jiko lililotengenezwa vyema hupunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 30 hadi 50. (Majiko ya kuigiza, yenye kigae kisichochomwa vizuri, ni habari nyingine.) Kufikia katikati ya miaka ya tisini, zaidi ya majiko 700,000 yalikuwa yakitumika nchini.

Je, hewa ya nyumbani nayo ilisafika? Hapa jibu lahitaji uangalifu. Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi katika nyumba 55 huko Mpala, Laikipia, na kuchapisha matokeo mwaka wa 2001 katika jarida la Lancet. Walibaini kuwa maradhi ya kupumua huongezeka kadiri mtu anavyovuta moshi mwingi zaidi. Anayeacha kuni za mafiga na kutumia makaa huepuka sehemu kubwa ya chembechembe hizo. Kwa mpishi wa kijijini, hiyo ni nafuu ya kweli.

Lakini makaa hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni, na mtu huweza kufa usingizini pasipo kukohoa hata mara moja. Kigae hakiizuii. Katika chumba kimoja ambamo familia hupika na kulala, dirisha likiwa limefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, kutoona moshi si ithibati ya usalama. Jiko liwashwe na kuachwa likolee nje, na lisiingizwe chumbani kuwa kipasha joto usiku, hata likiwa limebakiwa na majivu yenye makaa machache.

Gesi ya kupikia ni safi zaidi, ila bei yake imeyumba pamoja na sera. Kodi ya ziada ya thamani iliondolewa mwaka wa 2016, ikarejeshwa kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka wa 2022, kisha ikafutwa tena mwaka wa 2023. Isitoshe, makaa huuzwa kwa mkebe, kulingana na alichochuma mtu siku hiyo, ilhali mtungi wa kilo 6 hudai fedha zote kwa mkupuo. Ndiyo maana katika nyumba nyingi jiko la kauri bado limewekwa kando ya mtungi, likingojea siku gesi itakapokwisha.