Mvinyo wa Mezani wa Wafaransa

Mvinyo wa bei nafuu unaonywewa pamoja na chakula cha kila siku ni desturi changa kuliko inavyodhaniwa, hata Ufaransa kwenyewe. Katika karne ya 18 mkulima wa mizabibu aliuza mvinyo wake, yeye na familia yake wakanywa maji yaliyolowekwa makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa. Mjini Paris mvinyo ulitozwa kodi langoni. Kodi hiyo ilikwenda kwa ujazo wa pipa, si kwa thamani yake, kwa hiyo mvinyo wa mnyonge ulilipiwa sawa na wa tajiri. Wafanyakazi walivuka malango siku za mapumziko wakanywe kwenye vilabu vya nje ya mji. Julai 1789, kabla hata gereza la Bastille halijavamiwa, wananchi walikuwa wamekwisha kuvitia moto vituo vya kodi hiyo.

Kilicholeta mvinyo mezani kwa watu wa kawaida ni reli. Kufikia mwisho wa miaka ya 1850, Languedoc, eneo la kusini lililo kando ya Mediterania, lilikuwa limeunganishwa na Paris. Wakulima wa huko waliacha ngano, wakapanda aramoni, mzabibu unaozaa kupita kiasi kwenye ardhi tambarare. Mvinyo wake ulikuwa mwepesi, rangi yake hafifu, na mara nyingi wafanyabiashara waliuchanganya na mvinyo mzito wa Algeria. Bei ilipangwa kwa kiwango cha kileo. Ladha haikuulizwa sana.

Kisha akaja filoksera, mdudu mdogo kutoka Marekani anayefyonza mizizi ya mzabibu mpaka ukafa. Dalili zake zilionekana kusini mwa Ufaransa miaka ya 1860, na mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules Émile Planchon na wenzake walimkuta mizizini. Mavuno ya nchi, yaliyozidi hektolita milioni 80 mwaka 1875, yalishuka hadi chini ya theluthi moja mwishoni mwa muongo huo. Dawa ilipatikana kulekule alikotoka mdudu: mizabibu ya Ulaya ilibebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humstahimili.

Wakati wa uhaba watu walizoea mvinyo wa zabibu kavu, sukari na maji. Mizabibu mipya ilipoanza kuzaa, mvinyo huo bandia haukuondoka sokoni, na bei ikaporomoka. Mwaka 1907 Marcelin Albert, mwenye mkahawa katika kijiji cha Argeliers, aliongoza maandamano yaliyokua Jumapili hadi Jumapili. Juni 9 mamia ya maelfu walijaa Montpellier. Mjini Narbonne askari walifyatua risasi, watu wakafa, na wanajeshi wa kikosi cha 17, wengi wao wana wa wakulima haohao, wakaasi. Waziri Mkuu Clemenceau alimpokea Albert, akampa faranga 100 za nauli ya kurudi nyumbani, kisha akahakikisha magazeti yanazijua. Heshima ya Albert iliishia hapo. Hata hivyo, sheria dhidi ya udanganyifu ilipitishwa Juni hiyohiyo.

Vita Kuu ya kwanza ilieneza desturi kuliko tangazo lolote. Askari alipewa robo lita kwa siku, baadaye nusu, na wanaume wa mikoa ya bia na ya sida, kileo cha tufaha, walirudi makwao wakiwa wanywaji wa mvinyo mwekundu. Baada ya hapo chupa ya lita moja yenye nyota shingoni, inayorudishwa dukani kama chupa ya soda, ilikaa karibu na mkate na supu. Wengi walizimua mvinyo kwa maji. Watoto pia walionjeshwa, na ni mwaka 1956 tu vileo vilipopigwa marufuku kwenye chakula cha shule kwa walio chini ya miaka 14.

Tangu miaka ya 1960 unywaji umeshuka, kutoka zaidi ya lita 100 kwa mtu kwa mwaka hadi chini ya nusu ya hizo. Kazi za suluba zimepungua, mlo wa mchana umefupishwa, na wanaokunywa hunywa mara chache zaidi, ila huchagua chupa bora. Languedoc imelipwa fidia ing'oe aramoni. Penye mashamba ya aramoni sasa mara nyingi pamepandwa mizabibu ya merlot na syrah.