Ahadi za Mungu katika Ukristo wa Meru na Embu

Ahadi za Mungu, katika mafundisho ya Kikristo, ni maneno ambayo kwayo Mungu hujifunga mwenyewe kuwatendea wanadamu jambo fulani, liwe la maisha haya, kama vile kuwa pamoja nao katika dhiki, au la maisha yajayo, kama vile ufufuo wa wafu. Na kuzitumaini ahadi hizo ni kuishi kwa namna inayoonyesha kwamba aliyeahidi anaaminika, hata kabla neno lake halijatimia. Ahadi hutofautiana na utabiri, kwa kuwa mtabiri hueleza tu litakalotokea bila kulazimika kulitimiza, ilhali anayeahidi hujitwika deni. Makala hii inalifuata fundisho hilo jinsi lilivyopokewa kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na kwa karibu zaidi Githongo, mji mdogo wa soko katika Imenti ya Kati, kaunti ya Meru, penye wakulima wa chai na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambako si ajabu kuwakuta Wamethodisti, Wakatoliki na Wapentekoste ndani ya ukoo mmoja.

Msingi wa fundisho lenyewe ni kisa cha Ibrahimu. Katika Mwanzo 12 anaahidiwa nchi, uzao na baraka akiwa mzee asiye na mtoto, na katika sura ya 15, anapouliza atajuaje kwamba atairithi nchi hiyo, anaagizwa kuleta wanyama, kuwapasua vipande viwili na kuvipanga vikielekeana. Desturi ya kale ya Mashariki ya Kati ilikuwa kwamba wanaofanya agano hupita katikati ya vipande hivyo, wakijiapiza kwamba atakayelivunja yampate yaliyompata mnyama. Katika kisa hiki, hata hivyo, Ibrahimu analala usingizi mzito, na kinachopita katikati ni tanuri ya moshi na mwenge wa moto, alama za Mungu mwenyewe, kwa hiyo uzito wote wa kiapo unabebwa na upande mmoja. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 6, anaiendeleza hoja hiyo kwa kusema kwamba watu huapa kwa aliye mkuu kuliko wao, lakini Mungu, kwa kukosa aliye mkuu kuliko yeye, aliapa kwa nafsi yake. Mtume Paulo naye, katika Warumi 4, anamfanya Ibrahimu kuwa baba wa wote wanaoamini, na katika 2 Wakorintho 1:20 anazifunga ahadi zote katika Kristo.

Kwa msikilizaji wa Kimeru mambo haya hayakuwa mageni kama yalivyo kwa msomaji wa mjini leo. Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru ambalo makao yake ya heshima yako Nchiru, Tigania, limekuwa likiamua mashauri mazito, hasa ya mashamba, kwa kiapo cha nthenge, yaani cha beberu, ambapo anayeapa hujitakia maangamizi ya mnyama yule ikiwa amesema uongo. Kando ya kiapo hicho upo undugu wa gichiaro, unaofunga koo mbili, au hata ukoo wa Kimeru na watu wa kabila jingine, kwa masharti mazito: mtu wa gichiaro hadanganywi, hadhuriwi, na akiomba kitu hanyimwi, kwa kuogopa laana inayomwandama mvunjaji, pengine na wanawe. Aliyelelewa katika jamii hiyo hahitaji kufafanuliwa kwamba neno lililofungwa kwa agano ni zaidi ya nia njema. Linalomshangaza katika Mwanzo 15 ni kwamba mwenye nguvu ndiye aliyekubali kubeba laana, na hapo ndipo wahubiri wa Meru wana nafasi ya kuueleza msalaba bila kuazima mfano wa mbali.

Dini ya asili ilikuwa pia na mbebaji wa baraka. Huyo ni Mugwe, kiongozi wa ibada aliyewabariki watu na vijana waliotahiriwa, ambaye mkono wake wa kushoto ulishika alama ya uwezo wake na ulifichwa ndani ya vazi, usionekane na watu, ukitumika kubariki tu. Bernardo Bernardi, padri wa Shirika la Konsolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, aliandika kitabu juu ya cheo hicho mwaka 1959, na mwaka uliofuata mwanaanthropolojia mwenzake Rodney Needham alichapisha makala mashuhuri juu ya mkono huo wa kushoto. Bernardi alimwona Mugwe kuwa nabii anayefifia, kwa sababu utawala wa kikoloni, shule na misheni vilikuwa vimeiondolea baraka yake mahali pa kusimama.

Misheni hizo zilifika kwa kufuatana karibu sana. Wamisionari wa Konsolata waliingia nchi ya Wameru mwaka 1911, Wamethodisti wa Uingereza wakaanza kazi mwaka 1912 na kuweka kituo Kaaga, na Misheni ya Kanisa la Scotland ikaanzisha Chogoria mwaka 1922 chini ya daktari Archibald Irvine, huku Waanglikana wakiwa wamejikita upande wa Embu. Eneo la Kikatoliki la Meru lilipewa mamlaka yake mwaka 1926 na kuwa jimbo kamili mwaka 1953, kisha Embu ikamegwa kutoka kwake mwaka 1986. Biblia nzima kwa Kimeru ilichapishwa mwaka 1964. Kabla ya hapo Mchungaji Philip M'Inoti, mmoja wa viongozi wa kwanza wa Kimethodisti waliozaliwa Meru, alikuwa ameandika kwa Kiswahili muswada juu ya asili na desturi za Wameru, ambao wanahistoria wameutumia sana.

Simulizi za asili zilizoandikwa katika kizazi hicho zinaeleza kwamba Wameru walitoka Mbwaa, mahali pa pwani walipoonewa na watu wa mavazi mekundu, wakavuka maji usiku wakiongozwa na Koomenjwe, na kwamba koo zao ziligawanyika kuwa nyeusi, nyekundu na nyeupe kulingana na saa ya kuvuka. Kufanana na kitabu cha Kutoka ni dhahiri, na Wakristo wengi wa Meru wamekuona kama ushahidi kwamba Mungu wa ahadi aliwatangulia wamisionari. Mtafiti mwangalifu atakumbuka kwamba simulizi hizo ziliandikwa na watu waliokwisha kusoma habari za Musa, hivyo si rahisi kutenga kilichokuwapo tangu awali na kilichotiwa rangi na usomaji. Lakini hata kama rangi imeongezwa, kuongezwa kwenyewe kunaonyesha jinsi waumini wa kwanza walivyotaka kujiweka ndani ya historia ya ahadi badala ya kuipokea kama mali ya wageni.

Swali la kiasi gani muumini aweza kuwa na uhakika limeyagawa makanisa tangu karne ya 16. Martin Luther, mwaka 1520, alifundisha kwamba sakramenti ni ahadi iliyounganishwa na ishara, na kwamba kinachotakiwa kwa mpokeaji ni kuiamini ahadi hiyo. Jean Calvin akaieleza imani yenyewe kuwa ujuzi thabiti wa wema wa Mungu, uliojengwa juu ya ahadi katika Kristo. Mtaguso wa Trento, katika kikao cha mwaka 1547, ulikataa dhana kwamba mtu aweza kujihakikishia wokovu wake binafsi kwa hakika isiyoweza kukosea, ingawa ulikiri kwamba rehema ya Mungu haipaswi kutiliwa shaka. Mwaka 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, na Baraza la Wamethodisti Duniani likajiunga nalo mwaka 2006, wakikubaliana kwamba muumini aweza kuitegemea ahadi ya Mungu hata anapouona udhaifu wake mwenyewe. Baraza hilo lilikuwa limeongozwa kuanzia mwaka 1986 na Askofu Lawi Imathiu, mzaliwa wa Meru, jambo linaloonyesha kwamba Meru imekuwa na sauti katika Umethodisti wa dunia, wala haikubaki mpokeaji tu.

Wamethodisti wana desturi nyingine inayohusika moja kwa moja na somo hili, nayo ni Ibada ya Agano, ambayo John Wesley aliianzisha mwaka 1755 na ambayo kwa mapokeo hufanywa mwanzoni mwa mwaka. Ndani yake waumini hujitoa kwa Mungu awaweke popote, katika kazi au katika mateso, katika wingi au katika upungufu, bila kutaja wanachotaka kupewa. Ibada hii haina budi kusomwa pamoja na Mwanzo 15, maana inaonyesha upande wa pili wa agano: Mungu amekwisha kujifunga, na mwanadamu anaitika.

Kutumaini, kwa maana hii, si sawa na kutarajia. Mkulima wa Githongo anayepeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia chai hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, kisha hungojea malipo ya pili yaitwayo bonasi, ambayo humsaidia kulipa karo na madeni, lakini ambayo kiwango chake hutegemea bei za mnada wa Mombasa, gharama za kiwanda na thamani ya shilingi. Bonasi hukisiwa, na mwenye busara hukisia chini. Ahadi haikisiwi, kwa sababu haitegemei mwenendo wa soko bali tabia ya aliyeitoa.

Mwanateolojia John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931 huko Kitui, jirani na Embu na Meru, aliliwekea fundisho hili swali gumu kuliko yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba Mwafrika wa jadi aliishi katika nyakati mbili, alizoziita kwa Kiswahili Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali haukuwa na nafasi katika fikra zake. Na katika utafiti wake juu ya Wakamba, uliochapishwa mwaka 1971, alionyesha kwamba waumini walizipokea ahadi za siku za mwisho kama mambo ya karibu na ya kushikika mno. Wakosoaji, akiwamo mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye, wamelipinga dai hilo wakisema kwamba linajumlisha kupita kiasi. Pingamizi hilo lina uzito pia Meru, kwa kuwa gichiaro huwafunga hata wasiozaliwa bado, na jamii isiyofikiri mbele isingefunga agano la namna hiyo. Bado onyo la Mbiti halipuuziki, maana anayefundishwa ufufuo bila kufundishwa kungoja huishia kudai ufufuo wiki ijayo.

Badiliko kubwa lililoletwa na ahadi ya ufufuo huonekana katika mazishi. Zamani, miongoni mwa Wameru na majirani zao wa Mlima Kenya, maiti za watu wengi ziliachwa porini, na kuzikwa kulikuwa heshima ya wachache, hasa wazee; misheni ziligeuza kaburi kuwa haki ya kila mwamini, na leo familia ya Githongo humzika mtu wake ndani ya shamba lake, hatua chache kutoka kwenye mistari ya michai. Ibrahimu mwenyewe, aliyeahidiwa nchi nzima, kipande pekee alichopata kuwa nacho kwa hati ni pango la Makpela alilolinunua kwa Efroni kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Waebrania 11 haifichi kwamba wazee wa imani walikufa kabla ya kupokea walichoahidiwa.

Si ahadi zote zilizo za aina moja. Ile ya upinde wa mvua katika Mwanzo 9 haina sharti kwa mwanadamu, ilhali baraka za Kumbukumbu la Torati 28 zimefungwa kwenye utii na zinafuatwa na laana zilizo ndefu zaidi, sehemu ambayo wahubiri wa injili ya mafanikio, yaani fundisho kwamba imani na sadaka huleta utajiri na afya, huipita haraka. Fundisho hilo humtaka muumini apande mbegu, maana yake atoe fedha, kisha akiri kwa kinywa kwamba amekwisha kupokea. Asipopokea, kosa huwekwa kwenye imani yake. Aya inayopendwa zaidi, Yeremia 29:11, hubandikwa kwenye kalenda na matatu kana kwamba iliandikiwa mtu mmoja mwenye haja ya wiki hii, wakati ni sehemu ya barua kwa mateka wa Babeli waliokuwa wakidanganywa na manabii kwamba wangerudi upesi. Barua iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji uliowateka, kwa kuwa marejeo yangekuja baada ya miaka 70, na hiyo ina maana kwamba wengi waliosomewa wangefia ugenini.

Hatari ya kutenganisha ahadi na agano ilidhihirika kitaifa mwaka 2023, pale miili ya zaidi ya watu 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wengi wao wakiwa, kwa mujibu wa mashtaka, waumini waliofundishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Rais William Ruto aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kupitia sheria zinazohusu mashirika ya dini, na ripoti yake ikapokelewa mwaka 2024, ikifungua mabishano yasiyokwisha kuhusu mipaka ya serikali katika mafundisho. Makanisa ya zamani hutaja mara nyingi kipimo cha Kumbukumbu la Torati 18, kwamba nabii hujulikana kuwa wa uongo neno lake lisipotukia. Kipimo hicho, hata hivyo, huchelewa, kwa kuwa aliyeaminishwa kufa hatakuwapo kuthibitisha kwamba alidanganywa. Kilicho kikali zaidi ni kile cha sura ya 13 ya kitabu hichohicho, ambacho hakingoji tokeo lolote: hata ishara ikitimia, asifuatwe anayewavuta watu wamwache Mungu aliyewatoa katika nyumba ya utumwa.