Baraza Bila Jiwe: Ujenzi wa Kiislamu kutoka Pwani hadi Uvira

Usanifu wa Kiislamu katika Afrika Mashariki umezoeleka kuelezwa kwa jiwe. Hutajwa Msikiti Mkuu wa Kilwa, msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria (1107), na Husuni Kubwa ya karne ya 14. Anayezipima nyumba za Uvira kwa kigezo hicho hataona kitu, kwani ziwani hakuna matumbawe. Lakini kigezo chenyewe kina kasoro. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza ujenzi wa mbao. Hata katika majumba ya mawe mti ndio uliotawala: urefu wa boriti za mikoko uliwalazimisha wajenzi kufanya vyumba vyembamba, mara nyingi visivyozidi mita 3.

Wafanyabiashara wa pwani walipohamia Ujiji katika karne ya 19, waliliacha jiwe, wakachukua ramani ya nyumba. Stanley alipomkuta Livingstone huko mwaka 1871, wawili hao waliketi kuzungumza kwenye baraza la udongo, chini ya paa lililotokeza mbele. Nyumba hiyo ya pembe nne ilienea hadi Nyangwe na Kasongo, ikasimama kando ya msonge. Isisahaulike kwamba njia iliyoileta ndiyo iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa. Katika miaka ya 1880 Rumaliza wa Ujiji aliifikisha biashara hiyo kaskazini mwa ziwa.

Ushahidi ulio imara zaidi umo katika lugha. Pwani, baraza ni kikao kilichojengwa nje ya mlango, na pia ni mkutano. Huku Kongo neno hilo limekuwa jina la sehemu nzima ya mbele ya nyumba iliyoezekwa, na Wabelgiji wenyewe waliliazima: Kifaransa cha Kongo husema barza.

Msikiti nao ulibadilika kwa kufuata mahali. Kilwa, kibla ni karibu kaskazini kamili. Uvira, huegemea mashariki kwa nyuzi 22 hivi. Mnara, ambao pwani ya kale ilikuwa nao kwa nadra, umeenea hasa pamoja na saruji.

Nyumba ya udongo haimsubiri mtafiti. Mto Mulongwe ulipofurika mjini Uvira mwezi Aprili 2020, maelfu ya nyumba yalibomoka. Kuta hizo haziwezi kupimwa tena. Majina ya sehemu zake yaweza kuandikwa bado, maadamu mafundi waliozijenga wangali hai.