Mtama, Michembe na Ngano: Historia ya Chakula cha Buzwagi na Wasiopatana na Gluteni

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya donge la ngano livutike, chapati ikunjike bila kukatika na andazi liumuke. Watu wengi huila bila madhara. Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, kinga ya mwili huishambulia na, katika vita hiyo, huharibu utando wa utumbo mwembamba, hivyo chakula hupita bila kumfaidi. Mgonjwa huharisha, hukonda na kupungukiwa damu, mtoto hudumaa. Tiba yake ni kuacha gluteni maisha yote. Katika eneo la Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, sharti hilo halimpeleki mtu ugenini: vyakula vya asili vya huko havikuwa na gluteni, na ngano ndiyo iliyokuja baadaye.

Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma waliokaa kati ya Tabora na Ziwa Victoria waliishi kwa mtama, uwele na ulezi. Mtama ulipurwa, ukapepetwa, kisha mwanamke akapiga magoti na kuusaga juu ya jiwe hadi upatikane unga wa ugali. Mboga ilikuwa mlenda, karanga, maziwa, au nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Pombe nayo ilitokana na nafaka hizohizo.

Viazi vitamu vilikuwa akiba ya kiangazi. Baada ya mavuno humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani, mara nyingi juu ya miamba, mpaka vikauke kabisa. Hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kukaushwa, huitwa matobolwa, ambayo huweza kutafunwa hivyohivyo. Michembe hupikwa na kuliwa pamoja na karanga au maziwa. Ikihifadhiwa vizuri huivusha familia hadi mvua zinaporudi.

Ngano ilifika Unyamwezi pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakiilima kwa ajili ya meza zao. Haikuenea vijijini. Mpunga ulienea: ulikubali mbuga za udongo mweusi, na leo majaruba ya Kahama na Shinyanga yanalisha masoko ya mbali.

Badiliko kubwa la karne ya 20 lilikuwa mahindi kuchukua nafasi ya mtama. Mtama huliwa na kwelea kwelea na huhitaji mtu wa kuamia shamba, kazi iliyokosa watu kadiri watoto walivyokwenda shule. Hindi hufunikwa na maganda yake. Mihogo nayo iliongezeka, kwa kuwa serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuilima kama kinga ya njaa. Ugali ulibadilika rangi na ladha, lakini ulibaki bila gluteni.

Reli ndiyo iliyoufungulia njia unga wa ngano. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza, linalopita Isaka na Shinyanga, likakamilika mwaka 1928. Fedha za pamba zikaingiza chai, sukari na mkate katika nyumba za wakulima. Baadaye migodi ikakusanya watu wengi wasio na mashamba: Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu 2001 na Buzwagi 2009. Anayeingia zamu alfajiri, kama ilivyo kwa mchimbaji mdogo anayeshuka duarani, yaani katika shimo la mgodi, anahitaji chakula cha haraka kinachobebeka. Chapati na maandazi ya mama lishe vilijibu hitaji hilo, na chai ya asubuhi ikafungamana na ngano.

Kufikia wakati huo, huko Ulaya, chanzo cha ugonjwa wa seliaki kilikuwa kimekwisha kujulikana. Daktari Samuel Gee aliueleza jijini London mwaka 1888, akaamini kwamba tiba yake ingetoka kwenye chakula. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa Marekani aliwatibu watoto kwa mlo wa ndizi, nao wakapata nafuu. Daktari Mholanzi Willem Dicke ndiye aliyeinyoshea ngano kidole. Alikuwa akiichunguza tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipoadimika Uholanzi, ikampa ushahidi zaidi, na mwaka 1950 akatoa tasnifu yake. Ndizi hazikuwa na dawa ndani yake. Ziliwafaa watoto wale kwa sababu zilichukua nafasi ya mkate.

Kwa mkazi wa Buzwagi anayelazimika kuacha gluteni, msingi wa mlo upo sokoni: mchele, mahindi, mtama, ulezi, mihogo, viazi, ndizi, maharage, nyama na dagaa. Hatari imo katika vyakula vilivyochanganywa. Vitumbua hutokana na mchele, lakini wapo wanaovikorogea unga wa ngano. Unga wa lishe wa uji huweza kusagwa pamoja na ngano. Bia nyingi za kiwandani hutokana na shayiri. Mihogo iliyokaangwa katika mafuta ya maandazi hubeba mabaki yake, na kinu kilichosaga ngano huchafua unga unaofuata.

Anayeshuku kwamba ana seliaki asiache ngano kabla ya kupimwa hospitalini, kwa maana kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu anapoacha gluteni, na majibu yanaweza kumpotosha. Ugonjwa ukithibitishwa, hana haja ya kutafuta mikate ya bei ghali iliyoagizwa kutoka nje. Ugali wa mtama, wali na michembe vinamtosha yeye na familia yake katika chungu kimoja, bila mgonjwa kutengewa chakula.