Wahusika wa M.U.G.E.N: Mali ya Nani?

Katika uhakiki wetu tumezoea kuuliza mhusika kaumbwaje. Kaumbwa na nani, hilo huwa hatulisumbukii, maana jina liko jaladani. Hebu basi tutazame mahali ambapo jalada halipo.

Mwaka 1999 kikundi kilichojiita Elecbyte kilitoa bure programu ya M.U.G.E.N, kwa kompyuta za DOS. Haukuwa mchezo kamili wa kupigana. Ulikuwa ulingo mtupu na mpiganaji wa mfano, Kung Fu Man. Waliobaki mchezaji aliachiwa awatunge mwenyewe. Kila mhusika ni fungu la mafaili: picha zake, sauti zake, na maandishi ya kawaida kabisa yanayoeleza kitufe gani kikibonyezwa afanye nini, na wapi mwilini mwake panaumiza na wapi panaumizwa. Ajuaye kuyasoma anaweza kumgeuza mhusika apendavyo.

Na waligeuzwa kweli! Picha nyingi zilichopolewa kutoka Street Fighter ya Capcom na The King of Fighters ya SNK, bila idhini. Ryu mmoja akazaa akina Ryu chungu nzima. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hapo hakuna kigeni. Fanani huikuta ngano akaisimulia kivyake. Ila ndani ya faili la mhusika mna mstari wa jina la mtunzi, na mstari huo uligombewa vikali. Mtu aliyechukua picha za Capcom bila kuomba alikuja juu alipochukuliwa kazi yake bila kuombwa. Wengine watacheka. Mimi sicheki: picha ziliokotwa, lakini mienendo ilitungwa.

Ugomvi ulizidi ilipofika zamu ya hifadhi. Elecbyte wenyewe walitoweka, wakarejea mwaka 2009. Katikati hapo watu waliishi kwa toleo la Windows lililovuja. Tovuti za watunzi nazo zilizimika moja moja, na GeoCities ya Japani ilifungwa mwaka 2019. Wapenzi wakakusanya nakala walizokuwa nazo. Baadhi ya watunzi wakang'aka: nimeifuta makusudi, wewe nani uirudishe?

Nawaunga mkono wakusanyaji, kwa sharti moja: mstari wa jina usiguswe, na maelezo ya mtunzi yabaki humo humo. Sharti dogo, lakini wapo waliofuta jina la mwenzao wakaweka lao, na kwa kuwa faili lenyewe ni maandishi tu, kazi hiyo haimalizi hata dakika.