Duara la Kuchimba na Duara la Kukaa

Ukimtajia mtu wa Nyarugusu au Kakola neno "duara", hafikirii hesabu za shule. Anafikiria shimo la dhahabu, kamba, tochi na vijana walioko chini. Tangu nianze kumsindikiza kaka yangu kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe, hapa ukanda wetu wa Kahama na Geita, neno hilo limepata maana ya pili: viti vya plastiki vimepangwa mviringo, na kila mtu anamwona mwenzake usoni.

Nikajiuliza, hivi kukaa hivi kulitoka wapi? Maana Usukumani kundi na pombe havikuwa maadui. Watu waliitana kulima shamba la mmoja wao, na mwenye shamba aliandaa pombe ya mtama. Kunywa kulikuwa na majira, na wakubwa ndio waliotangulia. Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, anaonyesha kwamba historia ya pombe Afrika Mashariki ni historia ya mamlaka: nani anywe, nani amruhusu mwenzake.

Serikali nazo ziliuliza swali hilohilo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia pombe kali kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika. Waingereza wakaendelea kumkataza Mwafrika vinywaji vikali vya Kizungu, wakati Mzungu anakunywa klabuni kwake. Baada ya Uhuru ikaja Sheria ya Moshi ya 1966. Moshi hapa si mji, ni gongo: kuitengeneza bila leseni ni kosa. Mwaka 2017, tarehe 1 Machi, vikapigwa marufuku viroba, vile vipakiti vya plastiki vilivyokuwa vinaingia hata kwenye mfuko wa shati.

Sheria zote hizo zinazungumzia kinywaji. Ni vigumu kumwona ndani yake mtu anayeamka alfajiri mikono inatetemeka, akatafuta cha kuzimua kabla hajanawa uso. Huyo aliachiwa mke wake, mama yake, au polisi.

Dhahabu ikaongeza uzito. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulianza miaka ya 1930 ukafungwa 1966, mwaka uleule wa Sheria ya Moshi. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata 2001. Pembeni yake wamebaki wachimbaji wadogo, wanaohama kila wakisikia kuna rashi mahali. Kazi ya duara hailipi mshahara wa mwezi. Unaweza kukaa wiki nyingi unakula kwa mkopo, halafu siku moja mwamba unatema na pesa inakuja yote kwa mkupuo. Unaipokea katika mji ambao huna mjomba wala shangazi wa kukwambia, "Mwanangu, basi, inatosha." Kundi la zamani lilikuwa na pombe na lilikuwa na wakubwa. Machimbo yalibaki na pombe tu.

Ndiyo maana kisa cha Akron, Ohio, kinanigusa. Mei 1935 Bill Wilson, mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, alikuwa mgeni katika mji huo na biashara yake imekwama. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Akiwa hotelini, baa ikimwita upande mmoja, akaenda kwenye simu, akapigia makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akaunganishwa na daktari Bob Smith. Kutoka hapo ikazaliwa Alcoholics Anonymous. Mgeni, mji wa watu, pesa imeyeyuka: mchimbaji yeyote anaijua hali hiyo.

Sisi hatukuwa na kitabu cha simu. Tulianzia kitengo cha afya ya akili hospitalini, na nashukuru tulianzia huko, kwa sababu mtu aliyekunywa sana kwa miaka akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Muuguzi ndiye aliyetuelekeza kwenye kikundi.

Siku ya kwanza mzee mmoja alitupokea: "Mwadila, karibuni. Hapa hatuulizi ukoo." Kaka alikaa karibu na mlango. Hakuna aliyemhubiria. Mama mmoja aliyekuwa anapika gongo akaeleza jinsi ilivyo kuacha kinywaji ambacho pia kilikuwa ada ya watoto. Kijana akasema ameanguka tena wiki iliyopita. Nikangoja akaripiwe. Wakamwambia tu, "Umerudi, kaa."

Sitasema kikundi kinatosha. Siri ni ngumu kutunza mahali ambapo kila bodaboda anajua umeshukia wapi. Wanawake ni wachache, kwa kuwa aibu yao ni kubwa zaidi. Na mchimbaji akisikia rashi, anahama na viti vinabaki vitupu.

Lakini nikiitazama historia hii yote, naona Akron haikutuletea kitu kigeni sana. Imeturudishia wakubwa, ila safari hii mkubwa ni yule aliyetangulia kuacha. Kaka ana miezi minne. Alhamisi iliyopita ni yeye aliyempisha mgeni kiti cha karibu na mlango.